Maiki gani ya kurekodia ampu ya gitaa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Bendi yetu iko Morogoro, tunapiga dansi, na tunataka kurekodi wenyewe kwenye chumba cha mazoezi. Mpiga solo anatumia ampu ya Roland JC-120 na hataki kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye intafesi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), anasema sauti inakufa. Tuna intafesi ya chaneli mbili na SM58 mbili za waimbaji. Hela iliyopo inatosha maiki moja zaidi. Muuzaji anasisitiza tuchukue kondensa, aina ya maiki inayohisi sauti ndogo sana, kwa sababu "ndiyo ya studio", eti dainamiki, aina ya kawaida kama SM58 zetu, ni za jukwaani. Tununue ipi?

JIBU: Njema, ndugu zangu. Huyo mpiga solo msikilizeni. Muuzaji naye hajadanganya, kondensa ni ya studio kweli. Ila siku studio hiyo hiyo inarekodi gitaa la umeme, maiki utakayoikuta mbele ya ampu mara nyingi ni dainamiki ya bei ya kawaida, Shure SM57, iliyoingia sokoni mwaka 1965 na bado inatengenezwa.

Sababu iko kwenye spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haina twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ikifika kilohezi 5 hivi (kilohezi hupima wembamba wa sauti) inaanza kushuka kwa kasi, na juu zaidi ya hapo kinachobaki ni mnong'ono wa ampu yenyewe. Kondensa inasikia mpaka kilohezi 20, jambo zuri kwa mwimbaji, kayamba au gitaa kavu. Kwa ampu ya gitaa mtakuwa mmelipia uwezo ambao hauna cha kusikiliza. SM57 inaishia kilohezi 15, na imeinuka kidogo kuzunguka kilohezi 6, pale unaposikika mgongano wa pick na waya. Ndiyo maana solo iliyorekodiwa nayo inapenya katikati ya rithim na besi bila kuongezewa sauti.

Mtaambiwa pia kwamba kondensa inaokota kelele za chumba. Hilo linasemwa kijumlajumla mno. Ikikaa sentimita 3 mbele ya ampu iliyofunguliwa vizuri, hata feni haitasikika. Kinacholeta balaa ni umbali: watu huiweka nusu mita au mita nzima nyuma, na hapo mabati, kuta tupu na bodaboda za nje zote zinaingia kwenye wimbo.

Ipo na aina ya tatu, riboni, kama Royer R-121. Inalainisha makali, na JC-120 ina makali mengi. Lakini bei yake inazidi ya SM57 zaidi ya mara kumi, kwa hiyo tuiache.

Kabla hamjatoa hela, jaribuni mlichonacho. SM58 na SM57 ni ndugu, muundo wa kapsuli, kile kipande cha ndani kinachonasa sauti, ni ule ule. Tofauti kubwa ni kile kichwa cha wavu. Kizungusheni kwa mkono, kinafunguka. Kapsuli itabaki wazi, hivyo msiiguse wala msiipulizie, na mkimaliza kirudisheni kabla mwimbaji hajaitemea mate.

Sasa kuna mtego kwenye ampu yenu, na sijui kama mmeshaugundua. JC-120 ina spika mbili, kila moja na amplifaya yake ya wati 60. Mpiga solo akiwasha korasi (si kiitikio cha wimbo, ni swichi ya ampu inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili), spika moja inatoa sauti ya gitaa kama ilivyo, nyingine inatoa sauti iliyocheleweshwa kidogo na kuyumbishwa. Ile korasi tamu mnayoisikia inachanganyika hewani, chumbani humo. Mkiweka maiki moja kwenye spika moja, mtapata gitaa lisilo na korasi kabisa, au gitaa linaloyumba kama kaseti yenye betri zilizochoka. Mtalaumu maiki bure.

Kwa hiyo wekeni SM58 zote mbili, kila moja kwenye spika yake, kwa umbali ule ule, zijaze chaneli zenu mbili. Kwenye miksi moja ipelekeni kushoto, nyingine kulia. Waimbaji warekodi baadaye. Kama korasi haitumiki, maiki moja inatosha.

Mahali pa kuielekeza maiki panabadilisha sauti kuliko jina lililoandikwa juu yake. Mulikeni kitambaa cha ampu kwa tochi ya simu, mtaona kofia ya duara katikati ya spika. Maiki ikilenga katikati ya kofia, sauti ni kali, inachoma masikio. Ikisogea kuelekea ukingoni inakuwa nzito na butu. Anzieni pale kofia inapokutana na karatasi ya spika, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa. Mmoja avae hedifoni, mwingine asogeze maiki taratibu, upana wa kidole kwa kidole, huku solo inapigwa. Kwa JC-120 nadhani mtaishia upande wa ukingoni. Ampu nayo msiiache sakafuni, ipandisheni juu ya kreti au meza imara.

Mkiona mnahitaji ya kudumu, maana kufungua vichwa vya SM58 kila wiki kutaziharibu, chukueni SM57. Bajeti ikiruhusu zaidi, Sennheiser e906 ina swichi ya kuchagua sauti kali, ya kawaida au iliyopoa, na swichi hiyo itawafaa kwa ampu hiyo.

SM57 za bandia ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa gramu 284, bila kebo. Nendeni dukani na mzani mdogo wa jikoni, na iliyopungua kwa makumi ya gramu mwachieni muuzaji.