Kuku watano kwa chumba? Mkuu, usitume hiyo hela

Acha kwanza. Umesema unanunua keji (kizimba cha waya) ya vyumba 96, kuku wa mayai 480, watano kila chumba, na unauliza chakula, soko na kama sheria inaruhusu. Hiyo hesabu ya watano naijua. Ilinitoa machozi Chanika mwaka 2019.

Chumba changu kilikuwa sentimita 45 kwa 40. Hizo ni sentimita za mraba 1,800; gawa kwa tano, kila kuku anabaki na 360. Karatasi ya A4 inapita 620. Yaani kuku mzima, mwenye mabawa, nilimpa nusu karatasi na kidogo aishi humo, halafu nashangaa mbona hatagi! Daladala ya Mbagala jioni ina afadhali, kule kuna kushuka.

Wakaanza kudonoana. Nikakata midomo, wakaendelea kunyonyoana vivyo hivyo. Ikaja Februari. Bati liko chini, joto la Dar unalijua, na kuku hatoi jasho: anahema na kutanua mabawa. Atanue wapi? Siku umeme ulipokatika feni zikazima, na kufika saa kumi jioni nilikuwa nimeokota mizoga 63. Nilihesabu mara mbili. Jirani akauliza kama nafungua mgahawa. Nilicheka, ningefanyaje.

Sasa yule muuzaji wa keji! Alinionyesha video kwenye simu: "Kaka, hivi ndivyo wanavyofuga Ulaya." Ulaya ipi? Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku keji za aina hiyo, zisizo na kiota wala kichanja, tangu Januari 1, 2012, na hata zilipokuwa halali kiwango cha chini kilishafika sentimita za mraba 550 kwa kuku. Mimi nauziwa 360, miaka saba baadaye, eti ufugaji wa kisasa. Nilipompigia akasema nimechukua vifaranga wa mbegu mbovu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, ila bandani kwangu hajawahi kufika mkaguzi. Waliofika ni wezi na kenge. Kwa hiyo jikague mwenyewe: nafasi kwanza, idadi baadaye. Na wasikwambie kumhurumia kuku ni uzungu. Bibi yangu alikuwa akikukuta umebeba kuku kichwa chini, fimbo ni yako.

Sasa hivi nina 200 tu, chini kwenye maranda, wana viota na vichanja.

Chakula uliuliza nini vile? Wengine watakujibu. Wewe chukua futi, pima chumba kimoja, weka vipimo hapa kabla hujalipa kianzio.