Kundi la wapanda milima lililolala

Mdogo wangu, kabla hujafungua kundi jipya la WhatsApp la wapanda milima hapo Mbeya kwa sababu hili limekaa kimya, mpigie simu admini wa zamani. Ujumbe hatausoma. Mwombe akupe uadmini kabla hajatoka. Akijitoa bila kukabidhi, WhatsApp itajiteulia mwingine, labda yule wa matangazo ya mikopo.

Ukishapewa, usiulize "jamani mpo?" Hilo halijibiwi. Tupia picha ya mlima Loleza ya asubuhi hiyo, taja Jumamosi, saa na mahali pa kukutana. Wakija watatu, pandeni hao hao. Na safari ya maua ya Hifadhi ya Kitulo, kati ya Desemba na Aprili, itawaibua hata waliozima mlio. Michango isubiri kwanza.