Mtoto anatema nyama ya kusaga? Anza na maji baridi

Dada mleta uzi, pole kwa kuhangaika. Umesema kijana wako wa mwaka na miezi minane anakula uji na viazi vizuri, ila nyama ya kusaga anaizungusha mdomoni weee, kisha anaitema. Na unataka chakula cha jioni kisicho na viungo vikali, cha kupika haraka ukitoka kazini. Wachangiaji wa juu wamekushauri uongeze viungo "ipate ladha". Mimi ni baba wa wawili, mama yao anafanya kazi za zamu, kwa hiyo jiko la jioni hapa Moshi ni langu, mwaka wa nne huu. Kwa niliyoyapitia, ladha mngeiacha kwanza. Angalia zile punje za nyama.

Nilianza kama wengi: mafuta yachemke, kitunguu, nyama ndani, kaanga mpaka ikauke. Inanukia kweli. Lakini nyama ya kusaga ikikutana na mafuta ya moto inajikunja na kushikana, unapata kokoto. Sisi wakubwa tunazisaga kwa magego bila kujua. Mtoto wa umri huo magego yake ya nyuma kabisa bado, hayo huanza kutoka akikaribia miaka miwili. Mwanangu wa kwanza alikuwa anafyonza mchuzi wote, halafu anatoa makapi kama mtu anayekula muwa. Mimi nikadhani hapendi nyama, nikaacha kumpa karibu miezi miwili. Kosa langu hilo.

Sasa fanya hivi. Chukua robo kilo, iweke kwenye sufuria ikiwa mbichi, jiko bado hujawasha. Mimina maji ya baridi kikombe kimoja na nusu, chukua uma, vuruga mpaka usione donge lolote. Itaonekana mbaya, rangi ya matope ya pinki, usijali. Ndipo uwashe moto wa wastani na uendelee kukoroga mpaka ianze kuchemka. Ukiiacha hapo ukaenda kujibu meseji, itashikana tena, utarudi mwanzo. Ikishachemka inabaki laini, chembe ndogondogo. Engua povu kama linakukera, lakini hayo maji usiyamwage, ndiyo supu yenyewe.

Weka kitunguu kimoja na karoti moja, vyote umekwangua kwenye kikwangulio, si kukata. Nyanya moja iliyoiva, imenywe, maana maganda ya nyanya hubandika kwenye kaakaa na mtoto anapaliwa. Kijiko kimoja cha mafuta. Ukipenda, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, basi. Funika, moto mdogo, dakika ishirini na tano hivi. Nyama ya kusaga usiikatishe njiani kwa kuogopa itakauka. Steki nzima vijidudu hukaa nje, moto unavifikia haraka, lakini ikishapita kwenye mashine vya nje vimeingia ndani. Kwa mtoto, isibaki hata chembe ya pinki.

Wakati inachemka, sufuria ya pili chemsha ndizi. Huku kwetu ni mchare, tano au sita zinatosha. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakaa nao mpaka kesho, na kila unayoimenya itumbukize kwenye maji isije ikawa nyeusi. Zikiiva ziponde zikiwa bado za moto, ongeza supu ya nyama kidogo kidogo, kisha changanya na nyama yote. Uwe uzito wa kusimama kwenye kijiko bila kumwagika. Kama upo ambako mchare haupatikani, ndizi Bukoba zinafaa, viazi mviringo pia, ila viazi usivipige sana vitakuwa gundi.

Wachaga mtaniambia huo ni mtori. Ndiyo, ni mtori wa njia ya mkato. Mama mkwe alipouona mara ya kwanza aliuliza, "Baba, huu ni mtori gani usio na mfupa?" Kwake mtori ni chakula cha mzazi aliyejifungua, nyama inachemka na mifupa yake mpaka ilegee, halafu inapekechwa. Sina ubishi naye. Lakini mifupa inataka muda wa saa mbili, na mimi naingia nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, mtoto analala saa mbili usiku.

Kuhusu viungo: tangawizi kidogo au bizari ya manjano kidogo haina neno. Pilipili manga na vile vidonge vya supu viache, vidonge vina chumvi nyingi mno. Mimi hutoa kwanza chakula cha watoto pembeni, ndipo naweka chumvi na pilipili kwenye kilichobaki, tunakula wote sufuria moja.

Jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulikubali ni chai. Nyama unampa kwa ajili ya madini ya chuma, halafu unamshushia na chai ya rangi au ya maziwa. Chai inazuia chuma kufyonzwa vizuri. Mpe maji, na baada ya chakula kipande cha papai au chungwa, vitamini C yake inasaidia upande huo.

Buchani napo kuna kazi. Usinunue iliyokwisha kusagwa ikakaa kwenye sinia. Chagua kipande, mkono au paja, chenye mafuta kidogo (kavu kabisa inakuwa kama vumbi la mbao), kioshwe, kisha mwambie akisage mara mbili mbele yako. Mara mbili, usione aibu. Muuzaji wangu wa kwanza alikuwa ananuna, nikahama bucha. Na nenda asubuhi kama unaweza. Iliyosagwa haingoji, ukifika nayo pika siku hiyohiyo au igandishe. Mimi naigawa kwenye mifuko ya robo robo, naibana iwe bapa kama chapati, inayeyuka upesi ndani ya friji.

Tahadhari ya jina tu: ndugu zetu wa Pwani na Kenya wanaiita kima. Mwanangu mkubwa alilisikia hilo kwa shangazi yake Tanga, akagoma kula siku mbili, akijua ni yule kima wa porini.

Umeuliza pia kama dada wa nyumbani anaweza kumpa mchana kesho yake. Anaweza, kama kiliingia friji mapema jioni. Akipashe chote kitoe mvuke mpaka katikati, apashe mara moja tu, kinachobaki ale yeye au kimwagwe. Na siku ya kwanza mpe vijiko viwili, akitema mwache, jaribu tena baada ya siku mbili tatu. Wangu alimeza jaribio la nne. Kama anatema kila kitu na uzito kliniki haupandi, hilo mwone daktari, si jiko.