Maksi zilizofutika: anzia kwenye pipa

Pole sana, Mwalimu. Nimekuelewa: folda ya maksi uliifuta kwenye laptopu, nakala ya flashi nayo ikafutwa pale saiba ya Kondele, na wazazi wanakuja Ijumaa.

Laptopu kwanza. Fungua Recycle Bin, yaani pipa la vilivyofutwa, panga vitu kwa tarehe ya kufutwa, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Restore. Itarudi palepale ilipokuwa. Ila kama ulibonyeza Shift pamoja na Delete, haikupitia pipani kabisa.

Flashi ndiyo yenye kazi. Kwa kawaida Windows haiweki pipani kilichofutwa humo. Nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi tu, data inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo ichomoe sasa hivi, usihifadhi hata barua moja. Microsoft wana programu ya bure, Windows File Recovery, lakini huendeshwa kwa kuandika amri. Keti na mtu anayeijua. Mtakachookoa kiende diski nyingine, si flashi hiyohiyo. Na huyo wa saiba akisema "wacha niiformati kwanza", yaani aifute yote na kuiandaa upya, mnyang'anye.

Uliwahi kuziweka Google Drive? Pipa la huko hutunza vitu siku 30.

Flashi isiposomeka kabisa, hilo ni la fundi. Ulizeni bei mapema, na usimwachie usiku kucha: hayo ni majina ya watoto wa watu.