Ukitaka Kulungu Wapungue Shambani, Usiwinde Madume Peke Yao

Sisi tunaolima mboga na maharage kando ya misitu ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, tunawajua kulungu wa mkia mweupe kwa hasara wanayotuletea: huingia alfajiri, hukata machipukizi yote, na jua linapopanda wamesharudi msituni. Majirani wapya, wakiwemo ndugu kutoka Kongo na Burundi, huniuliza namna ya kuwapunguza. Huwajibu kwamba wawindwe majike, na wawindwe kwa leseni.

Jibu hilo huwatatiza hata wenyeji wengi, na sababu iko katika historia. Jimbo lilipounda tume yake ya wanyamapori mwaka 1895, kulungu walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1906 wengine waliletwa kutoka Michigan, na mwaka 1907 sheria ikapiga marufuku kuua jike. Sheria hiyo iliwaokoa. Lakini mbwamwitu na puma walikuwa wametoweka, kwa hiyo kulungu waliongezeka kupita uwezo wa msitu kuwalisha, huku vizazi vya wawindaji vikilelewa kuamini kwamba kumpiga jike ni aibu. Ukitembea leo katika misitu mingi ya kaskazini mwa jimbo utaona miti mikubwa juu na kangaga chini, na katikati hakuna kitu, kwa kuwa miche ya mialoni huliwa kabla haijafika magotini.

Dume mmoja hupanda majike wengi, na jike aliyeshiba vizuri huzaa mapacha mara nyingi, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Kijiji kinachowinda madume tu kitajaza pembe ukutani, na mwaka unaofuata watoto watazaliwa wengi vilevile.

Leseni ya kawaida humruhusu mtu kuua dume mmoja mwenye pembe. Kwa wasio na pembe, yaani majike na watoto, huhitajika leseni ya ziada, ambayo hutolewa kwa eneo maalumu, na tume hupanga kila mwaka idadi ya leseni za kila eneo. Zinunueni mapema, kwani katika baadhi ya maeneo huisha haraka. Mwenye shamba anaweza pia kuomba kuingia katika mpango uitwao DMAP, unaotoa vibali vya nyongeza kwa ajili ya ardhi yake mwenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu uwindaji hufanyika palepale penye hasara. Huwakaribisha wawindaji wa kijijini kwa sharti kwamba jike atangulie, na maharage yangu sasa hufika kuvunwa.

Anayeanza kuwinda ni lazima kwanza amalize mafunzo ya usalama na kupata cheti. Katika msimu wa bunduki za kawaida atavaa rangi ya machungwa inayong'aa, isiyopungua inchi 250 za mraba, kichwani, kifuani na mgongoni, wala hatawinda kwa bunduki ndani ya yadi 150 kutoka nyumba ya mtu asipopewa ruhusa na mwenyewe. Tangu 2020, alama ya rangi ya zambarau kwenye mti maana yake ni kwamba hapaingiliwi. Hata pasipo na alama, nendeni mkabishe hodi na kuomba. Heshima hiyo hufungua mashamba mengi kuliko mnavyodhani. Mnyama akishaanguka, mfungeni lebo ya leseni yenu kabla ya kumsogeza, kisha toeni taarifa kwa tume ndani ya siku 10. Nasisitiza hasa kwa waliotoka mahali ambapo nyama ya porini huuzwa barabarani: huku haiuzwi kabisa, hata kwa jirani, ingawa kuigawa bure kunaruhusiwa.

Lipo pia suala la ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu hadi kufa, uliogunduliwa jimboni mwaka 2012. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na ugonjwa huo, ni marufuku kuwalisha kulungu, na kichwa na uti wa mgongo havitolewi nje ya eneo. Haujathibitika kumwambukiza binadamu, lakini kupika hakuangamizi kisababishi chake, na wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama mwenye ugonjwa isiliwe. Pelekeni kichwa kwenye masanduku ya tume kipimwe bure, na nyama ikae kwenye friza, ikiwa imeandikwa namba ya lebo, mpaka majibu yatoke.