Jibu: Naanza kukimbia, wiki ya tatu naacha
Habari ndugu. Unasema lengo ni kupunguza kilo 10, unakimbia kila siku kupanda kilima cha Kololo, Kampala, na wiki ya tatu magoti yanauma unaacha. Anza kukagua lengo lenyewe. Mizani huiamrishi, siku za kutoka unazipanga mwenyewe. Andika "mara 3 kwa wiki, dakika 24", kisha tia alama kwenye kalenda ya ukutani kila ukirudi. Kilima kiache kwanza, tafuta tambarare: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Usiongeze haraka, maana pumzi hujengeka mapema kuliko kano (nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa), na hapo ndipo wengi huumia. Mvua za Machi hadi Mei zikikuzuia, keti na kuinuka kitini mara 10, raundi 3. Goti likivimba, muone daktari.