Kwa Anayeanza Kazi ya Kuwasaidia Watoto Wenye Matatizo ya Hisia na Tabia

Taarifa ya kwanza utakayopewa kuhusu mtoto aliyeletwa kwako kwa kawaida huwa ni hukumu: mkorofi, mkaidi, mvivu, ana hasira. Maneno hayo hayakufikishi mbali, kwa kuwa hayasemi mtoto anafanya nini, lini, na mbele ya nani. Kabla ya kupanga kikao chochote cha tiba, mwombe mwalimu au mzazi akusimulie tukio moja la karibuni tangu mwanzo hadi mwisho, kisha uandike kilichotangulia, alichokifanya mtoto, na kilichofuata. Kazi hii inachosha, na wengi wanaoanza huiruka wakakimbilia michezo na michoro, lakini bila hiyo utakuwa unabahatisha.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 8 anayepindua dawati darasani. Kumbukumbu zikionyesha kwamba hulipindua kila zamu yake ya kusoma kwa sauti inapokaribia, na kwamba kila mara hutolewa nje, basi adhabu hiyo ndiyo inayompa alichokitaka, yaani kukwepa kusoma. Hapo huna budi kuiacha hasira kwanza na kuchunguza usomaji wenyewe: huenda haoni vizuri, huenda hasikii sawasawa, huenda herufi zinamchanganya, au aliwahi kuchekwa. Mwenzake anayepindua dawati vilevile anaweza kuwa anatafuta mtu wa kumtazama, na msaada wake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana sina imani na mipango ya tiba inayonakiliwa kutoka faili la mtoto mmoja kwenda la mwingine.

Mkishakubaliana na wazazi kwamba tabia fulani haitampatia mtoto anachokitaka, waonye mapema kwamba huenda ikazidi kabla ya kupungua. Mtoto aliyezoea kupewa simu kwa kulia, siku akinyimwa atalia kwa nguvu zaidi, na mzazi akisalimu amri baada ya dakika 40, mtoto atakuwa amejifunza tu kwamba bei ya simu imepanda. Mzazi asiyeonywa ataamini kwamba ushauri wako ndio ulioharibu mambo. Wakati huohuo mtoto afundishwe njia nyingine ya kuomba, na akiitumia asifiwe kwa kutajwa alichofanya: “Umeomba kwa upole, ukasubiri.” Kilio cha hofu au maumivu ni jambo jingine, hicho hakipuuzwi kamwe.

Katika chumba cha michezo, kosa la kawaida ni maswali mengi. Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeeleza misingi ya tiba ya michezo mwaka 1947, alisisitiza kwamba mtoto ndiye anayeongoza na mtaalamu anafuata, huku mipaka ikiwekwa pale tu inapohitajika. Mtoto akichora nyumba isiyo na mlango, usimwulize kwa nini. Sema “Nyumba hii haina mlango,” kisha unyamaze, hata kama ukimya huo unakusumbua wewe kuliko yeye. Akitaka kukupiga, mwambie bila kufoka: “Naona umekasirika. Mimi sipigwi, lakini mpira huu unaweza kuurusha ukutani.”

Usimwahidi mtoto siri ya moja kwa moja. Katika kikao cha kwanza mweleze, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba mengi mtakayozungumza yatabaki kwenu, ila ukisikia kwamba kuna anayemuumiza, au kwamba yeye mwenyewe anataka kujidhuru, utamwambia mtu anayeweza kumlinda. Akikufunulia jambo kama hilo, sikiliza, andika maneno yake kama alivyoyatamka, usimhoji kama mpelelezi, na utoe taarifa siku hiyohiyo kwa kufuata utaratibu wa ulinzi wa mtoto.

Mwisho wa vikao nao unahitaji maandalizi, kwani wengi wa watoto hawa wameshaachwa ghafla na watu wazima waliowaamini. Taja tarehe ya mwisho majuma kadhaa kabla, na mhesabu pamoja vikao vilivyobaki kwenye kalenda. Tabia za zamani zikirudi katika kipindi hicho, usiongeze vikao kwa hofu kabla hujalijadili jambo hilo na msimamizi wako.